Jibu: Kuvuka Kilwa Masoko kwenda Songo Mnara na watoto mwishoni mwa Desemba

Dada, umeuliza kama Desemba ni salama kuvuka na watoto kwenda Songo Mnara, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Inawezekana, ila panga safari kwa kufuata maji na upepo.

Desemba ni kaskazi, yaani upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki. Asubuhi bahari huwa imetulia, mchana upepo unapanda na mawimbi yanaanza kurusha maji ndani ya boti. Ondokeni alfajiri. Halafu muulize nahodha siku hiyo ni bamvua (maji hujaa na kupwa sana) au maji mafu (hujaa na kupwa kidogo), hilo wageni wengi hulisahau. Songo Mnara hakuna gati: maji yakipwa mnashuka mbali na kutembea kwenye tope la mikoko, watoto wanazama hadi magotini. Vaeni viatu vya kufunga, si ndala.

Maboya (jaketi za kuokolea) ya watoto yawe saizi yao. Mjaribishe kila mtoto mkiwa bado nchi kavu. La mtu mzima linamchomoka akiingia majini. Nahodha akisema leo hapana, tafadhali usimbembeleze.

Joto nalo si la kupuuza. Kwenye magofu kivuli ni kidogo, na unyevunyevu unafanya jasho lisikauke. Bebeni maji mengi na kofia. Mtoto akilegea na kuumwa kichwa, mpelekeni kivulini, mlowesheni maji, mkampeleke hospitali haraka asipopata nafuu.

Vimbunga? Hidaya ilikuja Mei 2024, na Kenneth ilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, ila Desemba nayo imo ndani ya msimu wa vimbunga. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) jioni ya kuamkia safari.