Kwa anayeanza kufuatilia samaki wa mtoni: wavu uliojaa unaweza kukudanganya

Utatumwa kuhesabu samaki. Hesabu, lakini idadi ya kiangazi usiiamini peke yake. Mto ukipungua, samaki hukimbilia madimbwi machache yaliyobaki. Ukitega wavu hapo unajaa, na mgeni wa kazi anaandika kwamba samaki wameongezeka. Hawajaongezeka, wamebanana. Kila mara andika kina cha maji, upana wa mto siku hiyo na muda ambao wavu ulikaa majini. Bila hayo huwezi kulinganisha mwaka na mwaka, na mabadiliko ya tabianchi hayaonekani kwa msimu mmoja.

Kuhusu joto, wengi hudhani samaki huuawa na maji ya moto tu. Mara nyingi kinachotangulia kupungua ni oksijeni. Maji safi ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Na joto la mwili wa samaki hufuata la maji, kwa hiyo maji yakipata joto naye huhitaji oksijeni zaidi, wakati ndiyo inapungua. Nakusihi upime kabla jua halijachomoza. Usiku mimea na mwani huvuta oksijeni bila kuitengeneza, hivyo alfajiri ndipo kiwango huwa chini kabisa. Ukipima mchana tu, mto unaokaribia kuua samaki utauona mzima. Angalia pia nani anapanda juu kutweta. Kambale asikutulize: ana kiungo cha kuvuta hewa ya nje, huishi pale ambapo wengine wamekwisha kufa.

Usikimbilie pia kulaumu tabianchi kwa kila kitu. Mwaka 2015, katika mto Columbia huko Marekani, samoni aina ya sockeye wanaokadiriwa kufika 250,000 walikufa wakipanda kwenda kuzaa, maji yakiwa yamepita nyuzi 20. Mwaka ule ulikuwa wa joto kali, ndiyo, lakini mto huo una mabwawa mengi, na maji yanayotulia nyuma ya bwawa hupata joto zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuandika chanzo, fuata mto kuelekea unakotoka: tafuta mabwawa, pampu za umwagiliaji, na kingo zilizokatwa miti. Miti ikirudishwa, kivuli chake hupoza vijito vidogo hata kama hewa inaendelea kupata joto, na hilo wenye mto wanaweza kulianza msimu huu.