Muhuri wa kiazi unaotapakaza rangi

Dada, umesema muhuri wako wa kiazi, ule uliouchonga wa kuchapia kadi za Sikukuu ya Shukrani, unaacha madoa badala ya umbo la jani la mepo (mti uitwao maple kwa Kiingereza). Ni maji hayo. Kiazi kikikatwa hutoa maji, kwa hiyo kikaushe kwa tishu kabla ya kila chapa, kisha pakaza rangi nyembamba kwa sponji, usikichovye. Anza na njano. Ikikauka, weka chungwa.

Mimi lakini kiazi ningekiacha. Huko Toronto majani yanaanguka bure! Okota lililo laini bado, lipake upande wa chini wenye mishipa, lilaze kwenye kadi nene, funika kwa karatasi ukandamize kwa vidole. Sikukuu ya Shukrani Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, basi wahi posta.