Maswali ya Wasomaji: Katuni au Efekti za Picha?

Swali: The Lion King ya 2019 karibu yote ilitengenezwa kwenye kompyuta. Mbona kwenye Oscar ilishindania tuzo ya efekti za picha (vitu vya kubuni vinavyoingizwa kwenye filamu vionekane vya kweli) na si ya katuni?

Wenye filamu ndio wanaochagua waipeleke wapi, nao hawakuipeleka kwenye katuni. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alisema ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera halisi: ile ya jua likichomoza mwanzoni. Masharti ya Oscar yanataka filamu ndefu ya katuni izidi dakika 40, na uhuishaji, yaani mwendo unaoundwa na wasanii, uchukue angalau asilimia 75 ya muda wake. Golden Globe, tuzo nyingine za filamu, za Januari 2020 ziliiteua filamu hiyohiyo kwenye kundi la katuni. Kwenye Oscar iliteuliwa kwa efekti, ikabwagwa na filamu ya vita iitwayo 1917. Sisi tungeiita katuni. Kila sikio na kila mkia pale ulichezeshwa na mhuishaji.

Wengi hukwama kwenye sharti jingine la katuni. Kunasa mwendo wa mwigizaji kwa vitambuzi hakuhesabiwi peke yake kuwa uhuishaji. Mwendo uundwe fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, na sekunde moja ya sinema ina fremu 24. Hata ukiliacha sharti, data ghafi ya vitambuzi hujiumbua yenyewe: nyayo zinateleza sakafuni, mkono unapenya kiunoni, macho hayana uhai. Lazima mtu akae ayarekebishe hayo.

Swali: Waamuzi wa efekti huangalia nini hasa?

Kwanza orodha hupunguzwa hadi filamu 10. Kila timu huonyesha vipande vya hadi dakika 10 mbele ya wanataaluma wa fani hiyo, ambao huchagua tano. Mshindi hupigiwa kura na wanachama wote. Kinachopimwa ni mchango wa efekti katika filamu nzima na ustadi wa kudanganya jicho. Kujaza dakika hizo milipuko mitupu ni kosa. Jicho la fundi hukimbilia pale kitu kinapogusa ardhi: kivuli chembamba chini ya unyayo kikikosekana, jitu la tani elfu linaelea. Halafu huangalia mwanga unatoka upande gani, na kama chembechembe (vidoadoa vidogo) za picha ya kompyuta zinalingana na za kamera.

Wingi wa watu si hoja. Godzilla Minus One iliyoshinda 2024 ilikuwa na picha 610 za efekti, kazi ya timu ya watu 35, na mwongozaji Takashi Yamazaki mwenyewe ndiye aliyesimamia.

Swali: Filamu ya vikaragosi vinavyosogezwa na kupigwa picha moja moja inaweza kuteuliwa kwa efekti?

Inaweza, ila ni nadra. The Nightmare Before Christmas ya 1993 iliteuliwa, ikafuatiwa na Kubo and the Two Strings ya 2016, ambayo iliteuliwa kwa katuni pia. Hakuna iliyoshinda.