Mtoto akishaugua korona kinga inakaa muda gani?

Dada wa Mikindani unauliza mwanao aliugua korona, sasa kaanza tena mafua na homa, je inawezekana kuipata mara ya pili? Ndio inawezekana kabisa dada angu. Kuna utafiti ulifanyika Texas kule Marekani ukatoka 2022, walifuatilia watoto 218 wa miaka 5 mpaka 19, wakakuta asilimia 96 ya waliokua na kingamwili (askari wa mwili wa kupigana na kirusi) walizozipata kwa kuugua bado wanazo mpaka miezi 7 baadae, na haikujalisha mtoto aliumwa sana au hakuonyesha dalili kabisa. Ila kuwa na kingamwili sio kwamba hapati tena, zinapungua taratibu halafu kirusi chenyewe kinabadilika, Omicron, aina mojawapo ya kirusi cha korona kilichobadilika, ilirudia watu wengi tu waliokua wameshaugua. Kinachobaki muda mrefu zaidi ni kumbukumbu ya mwili ya jinsi ya kupigana na kirusi, ndo maana ikirudi mara nyingi inakua nyepesi.

Sasa mi kinachonipa wasiwasi ni hiyo homa. Huku kwetu Mtwara na Lindi malaria ipo sana, usikae nyumbani unasema ni korona itapita, mpeleke zahanati leo hii wamtoboe kidole kumpima malaria, tone moja tu la damu na kama dakika 15 hivi majibu unayo. Na ukiona anahema haraka, mbavu zinabonyea ndani au hanyonyi wala hali chakula, usisubiri asubuhi. Kama bibi yake yupo hapo nyumbani wasilale chumba kimoja kwanza tafadhali.