Uwanja wetu umegeuka dampo, diwani anasema bajeti hakuna

SWALI: Mhariri habari za kazi, huku kwetu Dar kuna uwanja wa wazi, zamani watoto wanapiga chandimu saivi ni dampo na gereji bubu, diwani ukimuuliza eti bajeti hakuna. Tufanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Bajeti inaanzia kwenye mkutano wa mtaa, nendeni wengi, uwanja uandikwe kwenye muhtasari, ndo upande kamati ya kata mpaka baraza la madiwani, na kikao hicho ni cha wazi, kaeni msikilize kama diwani wenu anafungua mdomo (wengine wanasinzia tu pale). Ila kwanza angalieni ramani ya mipango miji, msije mkakuta kimeshapimwa kiwanja cha mtu. Na msikate tamaa, kelele husaidia: Uhuru Park, bustani ya wazi ya Nairobi, mwaka 1989 ilitakiwa ijengwe jengo la ghorofa 60, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akapiga kelele mpaka wawekezaji wakajitoa.