Meli ya bei ya kutupa Vancouver hadi Yokohama: tuliyoyaona mimi na mama watoto

Mkuu, umeuliza kama tiketi ya meli ya siku 16 kutoka Vancouver hadi Yokohama, kwa nusu ya bei, ni mtego. Si mtego. Mimi na mama watoto tulipita njia hiyohiyo mwezi wa Septemba, tukalipa dola 1,100 za Kimarekani kila mmoja, kula na kulala humohumo. Ila kuna mambo wauza tiketi hawayasemi, na moja nusura lituache gatini, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Umesema kwenu ni Pemba, basi sababu ya bei hiyo utaielewa upesi. Majahazi ya Omani yalishuka na kaskazi yakarudi na kusi. Meli hizi za kitalii nazo zinafuata msimu. Kuanzia Mei hadi Septemba zinabeba watalii wa Alaska, baridi ikiingia biashara ya kule inakufa, zinahamia Japani, Singapore au Australia. Zitahama tu, ziwe na abiria au zisiwe nao. Mafuta yatachomwa na mabaharia watalipwa vilevile, kwa hiyo kampuni inaona heri chumba kipate mtu kwa bei ya chini kuliko kivuke kitupu.

Sasa jiulize wewe na bahari mkoje, maana hicho ndicho unachonunua. Safari ni zaidi ya maili za bahari 4,000. Tulishuka mara mbili Alaska, kisha siku 8 mfululizo hatukukanyaga nchi kavu. Kwenye ratiba ilikuwemo Dutch Harbor, katika visiwa vya Aleutian, nami nilikuwa naingoja kwa hamu. Asubuhi hiyo nahodha akatangaza kwamba upepo ni mkali mno kufunga gati, tukapita. Karibu nusu ya abiria walinuna. Mimi nilikaa sitahani na koti zito nikiangalia ndege wa baharini wakiteleza juu ya mawimbi bila kupiga bawa, saa nzima, na ukungu umetanda pande zote. Kama jambo la namna hiyo linakuchosha, usiende, hata wakikupa bure.

Bahari yenyewe si ya mchezo. Kwa sababu dunia ni mviringo, njia fupi inapinda juu karibu na Aleutian, na dhoruba za vuli zinapita hukohuko. Siku ya saba nilijua maana halisi ya chombo kwenda mrama. Bwawa la kuogelea lilitolewa maji likafunikwa wavu. Nilipotoka kwenda kuswali nje ya chumba, nilikuta mifuko ya karatasi ya kutapikia imechomekwa kwenye vishikio vya ngazi, ghorofa baada ya ghorofa. Mama watoto alilala siku mbili na kigegezi, hashiki kitu ila biskuti kavu, tofaa la kijani na tangawizi. Kosa lilikuwa langu: nilichukua chumba cha omoni, yaani mbele kabisa ya meli, kwa kuwa kilipungua dola 90, na usiku kucha wimbi lilikuwa likipiga ubavuni kama mtu anabomoa ukuta. Chukua chumba cha katikati, ghorofa za chini. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma, waachie wengine.

Upande unaoelekea nao una uzito. Ukienda magharibi, kama sisi, saa zinarudishwa nyuma: mara nane tulipata usiku wenye saa moja ya ziada, ukiamka umeshiba usingizi. Kisha mnavuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo kalenda hubadilika, na siku nzima inapotea. Sisi tulilala Jumatano tukaamka Ijumaa. Kijana Mwindonesia aliyetuhudumia chumba ndiye aliyenigongea kunikumbusha kwamba ni Ijumaa, maana alishajua naswali. Wanaorudi Vancouver mwezi wa Aprili wanapata siku moja mara mbili, lakini wananyang'anywa saa moja usiku baada ya usiku, na kila niliyezungumza naye aliyewahi kuipita njia ile alisema inachosha. Mara ya kwanza nenda magharibi.

Lile la kutuacha gatini ni viza. Wakala aliyetuuzia, simtaji, alisema abiria wa meli hahitaji viza ya Japani. Kwa pasi ya Kanada ni kweli. Sisi bado tuna pasi za Tanzania na ukaazi wa Kanada, na kwa pasi yetu viza ni lazima. Niligundua wiki tano kabla, tena kwa kusoma mwenyewe masharti ya tiketi usiku. Tukakimbilia ubalozi mdogo wa Japani hapa Vancouver na tiketi ya ndege ya kurudi mkononi, tukaipata zikiwa zimebaki siku 9. Na meli ikigusa Alaska umeingia Marekani, kwa hiyo viza ya Marekani nayo iwe hai. Kadi ya ukaazi wa Kanada haichukui nafasi yake. Nakuomba hili ulishughulikie kabla hujalipa hata senti.

Kuhusu fedha: bei unayoiona ni ya watu wawili chumbani. Ukienda peke yako unaweza kulipa karibu bei ya watu wote wawili. Ongeza ushuru wa bandari, bakshishi ya wafanyakazi (sisi tulikatwa dola 16 kila mtu kila siku), na ndege ya kurudi. Ndege ndiyo iliyotuumiza, maana tulichelewa kuikata. Intaneti tuliiacha kabisa. Bima usiiache: chukua inayolipia kuhamisha mgonjwa, kwa sababu katikati ya maji yale helikopta haifiki, na mgonjwa anangoja mpaka meli ikaribie nchi.

Asubuhi ya mwisho tuliingia Yokohama saa kumi na mbili, mvua imekatika, na mama watoto akaniita dirishani: mlima Fuji ulikuwa umesimama wazi nyuma ya majengo. Alikuwa ameapa siku ya saba kwamba hapandi tena meli. Juzi ameniuliza tiketi za Septemba zinatoka lini. Niandikie hapa tarehe zako na bandari mtakazopita, hasa kama ni Oktoba mwishoni, maana hapo nina la kukwambia zaidi.