Zimamoto kwanza, jengo baadaye

Swali la wiki linauliza kama viwanja vya ndege vya mikoani bado vina kazi, au fedha zake zihamishiwe kwenye barabara na reli. Vina kazi, tena kubwa. Kinachovidhoofisha ni fedha kumwagwa kwenye kinachoonekana, huku kinachoirusha ndege kikiachwa.

Ndege inayofaa safari hizi ni ya pangaboi. ATR 72, yenye viti 70 hivi, ikijaa huhitaji takriban mita 1,300 za kurukia pale palipo usawa wa bahari. Joto na mwinuko huongeza. Kurefusha njia hadi mita 2,500 kusubiri jeti ambayo hakuna shirika lililoahidi kuileta ni kuzika fedha kwenye lami.

Tazama zimamoto. Daraja lake hupangwa kwa urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. ATR 72 ina mita 27 na ushei, kwa hiyo inaangukia daraja la 5: gari moja, lita 5,400 za maji kwa povu la kiwango B (moja ya ngazi za ubora wa povu la kuzimia moto), na gari liweze kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3. Pampu ikifa na gari la akiba halipo, daraja linashuka, marubani wanatangaziwa, na safari inaweza kufutwa ilhali lami ni nzima na anga ni jeupe. Abiria huambiwa "sababu za kiufundi", nao hudhani ndege ndiyo mbovu. Pampu ya akiba na fundi anayeijua ni gharama ndogo mno mbele ya jengo la abiria la vioo.

Kisha taa. Uwanja usio na taa hufungwa jua likizama, na mgonjwa wa rufaa anayezidiwa saa mbili usiku hawezi kungoja mapambazuko. Lakini kufunga taa si mwisho wa kazi. Pembeni mwa njia ya kurukia huwa na masanduku manne ya PAPI, taa zinazomwonyesha rubani pembe ya kushukia: rubani akiona mekundu mawili na meupe mawili, anashuka kwa pembe sahihi, kwa kawaida digrii 3; yote yakiwa mekundu, yuko chini mno. Kati ya sanduku na jirani yake tofauti ya pembe ni theluthi moja tu ya digrii. Mashine ya kufyeka nyasi ikiligonga sanduku, au udongo ukititia baada ya mvua, taa itawaka vizuri huku ikimdanganya rubani. Ndiyo maana pembe hupimwa kwa kifaa, haikadiriwi kwa macho.

Mnara wa kuongozea ndege nao unabadilika. Mwaka 2015, ndege za Örnsköldsvik, Uswidi, zilianza kuongozwa kwa kamera kutoka Sundsvall, mji mwingine kabisa. Kwa uwanja wenye safari chache kwa siku, hiyo ni nafuu ya kweli.

Ndege za umeme zitaanzia kwenye safari fupi, kwa sababu kilo moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilowati-saa 12 za nishati, na kilo moja ya betri kwa kawaida haifikishi hata nusu kilowati-saa. Chaji itahitaji transfoma kubwa. Anayetengeneza upya maegesho ya ndege alaze mabomba ya nyaya sasa, kabla lami haijamwagwa. Kuikata baadaye ni kufunga maegesho yenyewe.